Mgema hakutia maji: ugumu wa albamu ya pili ya bendi ya roki

Bendi changa ya roki ikitoa albamu ya kwanza nzuri, kisha ya pili ikadorora, mashabiki huwa na jibu tayari: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Walisifiwa, wakavimba vichwa, wakalegea. Ni maelezo matamu kuyasema, lakini mara nyingi si ya kweli. Bendi nyingi huifanyia kazi albamu ya pili kwa bidii kuliko ya kwanza, tena kwa vifaa bora na studio kubwa. Kilichopungua ni siku ambazo tembo limekaa mtungini.

Neno moja kwanza kuhusu "indi". Mwanzoni lilikuwa na maana ya bendi iliyo nje ya lebo kubwa, yaani kampuni kubwa za kurekodi na kuuza muziki. Baadaye likawa jina la mlio: magitaa mawili, besi, dramu, sauti isiyopambwa sana. Baadhi ya bendi zitakazotajwa hapa zilikuwa na lebo kubwa zilipotoa albamu ya pili, na hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo.

Hesabu ya nyimbo

Chukua bendi ya watu wanne iliyokaa pamoja miaka 5 kabla ya kusaini mkataba. Ikitunga nyimbo 10 kwa mwaka, inaingia studio ikiwa na nyimbo 50. Albamu inahitaji 11. Kwa kila wimbo ulioingia, zaidi ya mitatu imeachwa nje. Hapo hujazungumzia kipaji, umezungumzia chekeche tu.

Albamu ikishatoka, bendi inapanda gari na kuzunguka mwaka mzima. Lebo inataka kazi nyingine ndani ya miezi 18 hadi 24, kabla watu hawajasahau. Ukiondoa ziara, mahojiano na mapumziko ya lazima, muda wa kutunga unabaki kama miezi 6. Hata bendi ikitunga kwa kasi maradufu ya zamani, inapata nyimbo 10. Nyimbo 10 kwa nafasi 11: chekeche limeondolewa kabisa, na hata makapi yanahesabiwa. Arctic Monkeys wa Sheffield walitoa ya kwanza Januari 2006 na ya pili, Favourite Worst Nightmare, Aprili 2007. Hiyo ni miezi 15 tu, na katikati mpiga besi wao alibadilishwa. Kwamba albamu ile ilisimama imara ni jambo la kushangaza kuliko watu wanavyolichukulia.

Chekeche la awali halikuwa idadi peke yake. Lilikuwa pia ukumbi mdogo wenye watu 60 waliokuja kumsikiliza mtu mwingine. Wimbo ukianza na watu wakaendelea kuzungumza, bendi inajua. Beti ya pili ikichosha, mpiga dramu anaiona kwenye nyuso za waliosimama mbele. Nyimbo za albamu ya kwanza zimepigwa hivyo mara 80 au 100, na kila mara zimekatwa kidogo, zimenyooshwa kidogo. Za albamu ya pili mara nyingi hupigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza baada ya kurekodiwa. Ndiyo maana bendi husikika ikisema, mwaka mmoja baadaye, kwamba sasa ndiyo imejua namna ya kuupiga wimbo fulani. Imeujua, ila rekodi imeshatoka.

Kuna jambo la tatu, la kitakwimu, ambalo halihusu bendi kabisa. Bendi ambazo albamu yao ya pili inajadiliwa ni zile ambazo ya kwanza iling'ara kupita kawaida. Kung'ara kupita kawaida kunahitaji kazi nzuri pamoja na bahati: wakati sahihi, wimbo mmoja uliodakwa na redio, prodyuza aliyekuwa na siku njema. Kazi nzuri inaweza kurudiwa, bahati hairudi kwa kuitwa. Hata bendi isingebadilika hata chembe, matokeo ya pili yangetegemewa kurudi karibu na wastani wake. Msikilizaji anaona anguko, mtu wa hesabu haoni kitu cha ajabu.

Fedha zinavyobana

Mkataba wa kwanza kwa kawaida huwa na albamu moja ya uhakika na nyingine ambazo lebo ina hiari ya kuzidai. Hiari ni ya lebo, si ya bendi. Kwa kila albamu kuna malipo ya awali, na hapo ndipo wanamuziki wengi hukosea kusoma: malipo hayo ni mkopo unaolipwa kwa mirabaha, yaani mgawo wa mauzo, ya bendi yenyewe.

Tuseme lebo inatoa dola 60,000, na studio, prodyuza na mastaringi (matayarisho ya mwisho ya rekodi) zinakula 40,000. Zinabaki 20,000, meneja anachukua asilimia 15 hadi 20, kinachobaki kinagawanywa kwa wanne. Mkataba ukiwa wa mrabaha wa asilimia 15, deni la 60,000 linaisha pale tu rekodi inapoingiza dola 400,000, kwa sababu ni asilimia 15 pekee ya kila dola inayohesabiwa kulipa deni. Lebo ndogo nyingi hutumia mpango mwingine: gharama zote zinatolewa kwanza, kisha faida inagawanywa nusu kwa nusu. Kama lebo iliweka 60,000 za kurekodi na 40,000 za kutangaza, bendi inaanza kuona pesa mapato yakivuka 100,000. Tofauti ni mara nne, na inafaa kuijua kabla ya kusaini wala si baada.

Kifungu cha kutafuta kwa tochi ni kile kinachounganisha madeni ya albamu zote. Kikiwemo, deni la albamu ya kwanza lisilolipwa linahamia kwenye ya pili. Bendi inaingia studio ikiwa nyuma kabla haijapiga noti moja, na kila siku ya ziada ya studio inaongeza shimo.

Kugombana na lebo mahakamani kunawezekana, ila gharama yake ni miaka. The Stone Roses wa Manchester walitoa albamu ya kwanza 1989 chini ya Silvertone. Walipotaka kuondoka walizuiwa kurekodi kwa mtu mwingine hadi mahakama ilipouvunja mkataba 1991. Wakahamia Geffen, na albamu ya pili, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa Rockfield huko Wales, ikatoka Desemba 1994. Walikuwa na kinyume cha tatizo la kawaida, yaani muda mwingi kupita kiasi. Prodyuza John Leckie aliyeanza nao aliondoka njiani. Miaka 5 ilipofika, mtindo wa muziki waliouanzisha ulikuwa umeshapokelewa na wengine, na hakuna rekodi ambayo ingelingana na subira ile.

Kutunga ukiwa barabarani, kisha kurudi nyumbani

Nyimbo zinazozaliwa ziarani zina dosari zinazojulikana. Nyingi huanza wakati wa kujaribu vyombo kabla ya onyesho, kwenye ukumbi mtupu wenye mwangwi mkubwa. Katika mwangwi huo, kipande kizito chenye noti tatu kinasikika kama radi. Kikiletwa chumbani kinabaki noti tatu. Mashairi nayo yanajaa hoteli, viwanja vya ndege na uchovu, mambo ambayo msikilizaji hana pa kuyashika.

Dawa si kuacha kutunga safarini, bali kuyachukulia yale kama malighafi. Kila kipande kinachorekodiwa kwa simu kipewe jina, tarehe, ufunguo na kasi yake kwa mapigo kwa dakika. Bila hivyo, baada ya miezi 10 una mafaili 200 yanayoitwa "Rekodi mpya" na hakuna mwenye nguvu ya kuyasikiliza. Mkirudi, chagueni 25 hadi 30, mtengeneze demo (rekodi za awali) 15 hadi 18, na lengo liwe nyimbo 14 zilizokamilika kabla ya siku ya kwanza ya studio. Kukamilika maana yake mashairi yote yameandikwa. Beti ya pili inayoimbwa "na na na" haijakamilika, na itakuja kuandikwa saa saba usiku, studio ikiwa inalipiwa.

Pakiwa na nafasi ya kuzipiga nyimbo mpya mbele ya watu, ichukuliwe hata kama simu zitarekodi na kuzisambaza. Radiohead walipokwama kwenye albamu yao ya pili, The Bends, katika studio za RAK jijini London mwaka 1994, lebo ilikuwa inadai wimbo wa kufuata mafanikio ya "Creep". Waliacha kurekodi, wakaenda ziara, na waliporudi kazi ilikwenda haraka. Wimbo "My Iron Lung" waliuchukua kwenye onyesho lao la Astoria, London, Mei mwaka huo, wakabadilisha sauti ya kuimba tu. Jukwaa liliwapa kile ambacho studio ilikataa kuwapa.

Nirvana ni mfano uleule kwa njia nyingine. Bleach ya 1989 iligharimu dola 606.17. Nyimbo kadhaa zilizokuja kuingia Nevermind zilirekodiwa mara ya kwanza Aprili 1990 katika Smart Studios, Madison, na Butch Vig, kisha zikapigwa jukwaani kwa mwaka mzima, mpiga dramu mwingine akaingia, na ndipo zikarekodiwa upya Sound City, California, Mei na Juni 1991. Chekeche lilikuwepo, kwa hiyo ile ya pili ikaizidi ya kwanza kwa mbali.

Mazoezi kabla ya studio

Wiki mbili za mazoezi ya mpangilio, prodyuza akiwepo, huokoa fedha kuliko punguzo lolote la studio. Mambo mawili huharibika sana kwenye hatua hii.

La kwanza ni kasi. Bendi iliyotoka ziarani imezoea kupiga haraka, kwa sababu jukwaa na kelele za watu huongeza mapigo. Wimbo uliotungwa kwa mapigo 132 umefika 140 bila mtu kuamua. Kwenye rekodi, 140 inaminya maneno, mwimbaji anakosa pumzi mwishoni mwa mstari, kiitikio hakipanuki. Rekodini demo tatu za haraka, 132, 136 na 140, mwimbaji aimbe wimbo mzima kwenye kila moja, msikilize kesho yake asubuhi. Jibu huwa wazi kabla ya dakika moja kuisha.

La pili ni ufunguo. Koo lililoimba maonyesho 150 limebadilika. Noti ya juu iliyokuwa rahisi sasa inafikiwa kwa kupiga kelele. Ijaribuni mwishoni mwa mazoezi, sauti ikiwa imechoka, si mwanzoni. Ikisumbua, shusheni wimbo nusu toni au toni nzima. Gitaa linaloachiliwa nyuzi nusu toni linahitaji nyuzi nene kidogo na marekebisho ya daraja lake, vinginevyo linapoteza ufunguo katikati ya wimbo. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi, afadhali ifanyike kabla.

Kuhusu prodyuza, swali la kubaki na yuleyule au kumleta mpya halina jibu moja. The Strokes wa New York walianza albamu yao ya pili, Room on Fire, na Nigel Godrich, prodyuza aliyekuwa na heshima kubwa kwa kazi zake na Radiohead. Haikuelewana, wakarudi kwa Gordon Raphael aliyewarekodia albamu ya kwanza. Interpol walirudi kwa Peter Katis kwenye studio yake ya Connecticut kwa Antics ya 2004. Weezer waliachana na Ric Ocasek, wakasimamia Pinkerton wenyewe. Arctic Monkeys walikwenda kwa James Ford na Mike Crossey. Kinachofaa kuulizwa ni nani chumbani mwenye ruhusa ya kusema "wimbo huu haujaiva" na akasikilizwa. Bendi ikiwa na sifa nyingi, mtu huyo hupungua. Wahandisi huanza kutabasamu kwa kila kitu.

Ndani ya studio

Kwa nyimbo 14, siku 24 za kurekodi zinatosha bendi iliyojiandaa: siku 4 za dramu, 3 za besi, 7 za magitaa, 7 za sauti, 3 za akiba. Kuchanganya ni kazi nyingine, siku moja hadi siku moja na nusu kwa wimbo.

Dramu ndizo zinazoamua kama rekodi itasimama, kwa sababu haziwezi kurekebishwa baadaye bila kubomoa nyumba nzima. Ngozi mpya zifungwe siku moja kabla, zipate kutulia. Kwa roki ya aina hii maiki 8 hadi 12 zinatosha: moja au mbili kwenye kiki (dramu kubwa ya mguu), mbili kwenye sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali), juu na chini, moja kwa kila tomu (dramu nyingine za seti), mbili za juu kwa matoazi na seti nzima, mbili za mbali kwa ajili ya chumba. Kosa la kawaida si ubora wa maiki bali fezi. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo maiki mbili zilizo mbali tofauti na sneya hulipokea pigo kwa nyakati tofauti, na zikichanganywa zinakulana: mlio unakuwa mwembamba, besi inapotea. Chukua uzi, pima kutoka katikati ya sneya hadi kila maiki ya juu, urefu uwe mmoja. Ile ya chini ya sneya igeuziwe polariti, yaani mwelekeo wa wimbi, kwa kitufe, maana fimbo inapogonga, ngozi inaikimbia maiki ya juu na kuisogelea ya chini. Ni sekunde mbili za kazi, na zikisahaulika mtu hutumia saa tatu za kuchanganya akijaribu kurudisha uzito uliopotea siku ya kwanza.

Kiwango cha sauti hakihitaji kusukumwa. Kwa biti 24 na 48 kHz, wastani wa karibu desibeli 18 chini ya kikomo na vilele visivyovuka 6 chini yake vinatosha kabisa. Gitaa la besi lirekodiwe njia mbili kwa pamoja, moja kwa moja kutoka kwenye chombo na kupitia amplifaya, kisha mawimbi yalinganishwe. Magitaa ya umeme nayo yawe na nakala kavu ya pembeni, ili mlio ukikataliwa mwezi ujao unapitishwa upya kwenye amplifaya bila kumwita mpigaji.

Hapa ndipo ugonjwa maalumu wa albamu ya pili unapoingia. Ya kwanza ilikuwa na traki 24 kwa sababu hapakuwa na muda wala pesa ya zaidi. Ya pili ina 110. Bendi inasikia kwamba wimbo una tatizo, haijui ni lipi, inaongeza kinanda. Tatizo linabaki, inaongeza gitaa la tatu, kisha kwaya, kisha nyuzi. Kila tabaka linajaza eneo lilelile, hasa kati ya Hz 200 na 500, ambako magitaa, besi, sneya na sauti ya mwanamume vyote vinaishi. Matokeo ni ukungu. Jaribio rahisi: zima kila kitu isipokuwa sauti, besi, dramu na gitaa moja. Wimbo ukisimama, rudisha vitu kimoja kimoja, na kisichokosekana kikizimwa kiachwe kizimwe. Wimbo usiposimama, hakuna traki ya 111 itakayouokoa, rudini kwenye beti.

Ukubwa wenyewe si dhambi. Arcade Fire walinunua kanisa huko Farnham, Quebec, wakaligeuza studio kwa ajili ya Neon Bible ya 2007, na kinanda kikubwa cha mabomba walikirekodi kwenye kanisa la Saint-Jean-Baptiste jijini Montreal. Lakini nyimbo zao tangu mwanzo zilijengwa kwa watu wengi kupiga kwa pamoja. Ukubwa ulikuwa ndani ya utunzi kabla haujawa ndani ya chumba.

Sauti ya kuimba isiachiwe siku tatu za mwisho. Rekodi nyimbo mbili kwa siku, teki 3 hadi 5 kwa kila wimbo, mchana badala ya usiku wa manane. Teki ya kumi huwa safi kuliko ya tatu, na karibu kila mara imekufa.

Mastaringi, santuri na tarehe

Sehemu hii ni ya kiufundi, na haihitaji maneno mengi. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika) 14 chini ya sifuri, kwa hiyo masta iliyobanwa hadi 7 hushushwa tu, na kilichopotea katika kubanwa hakirudi. Kilele cha kweli kiachwe desibeli 1 chini ya kikomo.

Santuri ndiyo inayowaumbua wengi. Upande mmoja wa inchi 12 kwa mizunguko 33⅓ hukaa vizuri ukiwa na dakika 18 hadi 20. Ukivuka 22, mifereji inasongamana, sauti inashushwa, mchakacho unasikika. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo mawimbi yanavyobanwa, na herufi za "s" huanza kukwaruza. Kwa hiyo wimbo wenye matoazi makali na sauti kali usiwe wa mwisho wa upande. Weka pale wimbo wa polepole. Mpangilio wa nyimbo basi si suala la hisia peke yake, na albamu ya dakika 52 inayolazimishwa kwenye santuri moja italia. Nakala za majaribio zikifika zisikilizwe nzima, pande zote, kwenye zaidi ya mashine moja: kelele ikitokea mahali palepale kwenye nakala zote, kasoro iko kwenye kalibu ya kiwandani, ikitokea kwenye moja tu ni vumbi. Kiwanda kinaweza kuchukua miezi 3 au 4, kwa hiyo tarehe ya kutoka ipangwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Tangu 10 Julai 2015 albamu mpya hutoka Ijumaa karibu dunia nzima. Kila rekodi iwe na namba yake ya ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha, na karatasi ya mgawo wa utunzi isainiwe na wote kabla ya kutoka. Mgawo uliokuwa wa mdomo kwenye albamu ya kwanza, pesa zilipokuwa hazipo, ndio unaovunja bendi kwenye ya pili.

Inavyopokelewa

Mhakiki hupata albamu wiki kadhaa kabla, kwa kiungo kilichofungwa. Anaisikiliza mara 4 au 5, anaandika. Ya kwanza ameisikia mara mia mbili, kwenye sherehe, kwenye basi, akiwa na huzuni. Anaweka wimbo wa siku tano kwenye mizani na wimbo wa miaka miwili, na wa miaka miwili umeshika kumbukumbu zake. Hakuna hila hapo, ni namna masikio yalivyo. Alama ndogo ya desimali inayotolewa na Pitchfork, kutoka 0.0 hadi 10.0, au wastani wa 100 wa Metacritic, inalifanya tukio hilo lionekane kama kipimo cha maabara.

Mashtaka ni mawili tu. La kwanza: "ni ileile tena." Room on Fire ilipotoka Oktoba 2003, ikiwa na dakika 33 tu na prodyuza yuleyule, ilisifiwa na kushutumiwa kwa sentensi moja, kwamba imefanana na iliyotangulia. La pili: "hawa ni nani?" Pinkerton ya Weezer, Septemba 1996, ilikuwa chafu kwa mlio na ya kuumbua kwa maneno, iliyotungwa kwa sehemu wakati Rivers Cuomo akisoma Harvard. Ilifika nafasi ya 19 tu Marekani, na wasomaji wa Rolling Stone waliitaja miongoni mwa albamu mbaya za mwaka. Baadaye kizazi cha bendi changa kiliichukua kama kitabu cha mafunzo, toleo jipya la 2010 likapokelewa kwa heshima, na mwaka 2016 ikapata hati ya nakala milioni moja Marekani. Nyimbo zilikuwa zilezile. Waliokuwa wamebadilika ni wasikilizaji, ambao hawakuwa tena wakiidai iwe albamu ya kwanza.

Bendi haiwezi kuyakwepa mashtaka yote mawili, inaweza kuchagua moja. Jambo la kuepuka ni kuyabeba yote kwa pamoja, nusu ya nyimbo zikiiga za zamani na nusu zikiruka mbali, kwa sababu hapo kila msikilizaji anapata nusu ya kulalamikia. Singo ya kwanza nayo ifanane na albamu. Lebo ikichagua wimbo mmoja wa haraka kutoka kwenye rekodi ya polepole, inawaalika watu kwenye harusi na kuwapeleka msibani.

Takwimu za wiki ya kwanza zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Anayenunua albamu ya pili siku ya kwanza hajaisikia, ananunua kwa imani ya ile ya kwanza. Arctic Monkeys waliuza nakala 363,735 za albamu ya kwanza Uingereza katika wiki moja, na zaidi ya 220,000 za ya pili katika wiki yake. Namba ya pili inasema zaidi kuhusu kumbukumbu ya 2006 kuliko kuhusu nyimbo za 2007. Ukitaka kujua albamu ya pili imepokelewaje, tazama inashuka kwa kasi gani wiki ya pili hadi ya sita, kisha subiri wiki ya kwanza ya albamu ya tatu.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Mwaka mmoja na nusu baada ya kutoka, tafuta orodha ya nyimbo bendi inazopiga jukwaani bila kuwa na rekodi mpya ya kutangaza, uhesabu ngapi ni za albamu ya pili na zimekaa wapi. Zikiwa mbili, zote katikati ya onyesho, watu wakienda kununua vinywaji, bendi yenyewe imeshatoa hukumu. The Strokes, kwa mfano, hawajaacha kupiga "Reptilia" ya Room on Fire.